Dar es Salaam hadi Nairobi kwa ndege: kilomita 667, na dakika 80 zinavyotumika

Ukitafuta umbali kati ya Dar es Salaam na Nairobi utakutana na majibu matano, na yote ni sahihi: 667, 673, 360, 414 na 915. Namba ya kwanza ni kilomita za angani kutoka kiwanja cha Julius Nyerere hadi kiwanja cha Jomo Kenyatta, kwa mstari ulionyooka. Ya pili ni hizohizo kilomita za angani, ila zimepimwa kutoka katikati ya jiji hadi katikati ya jiji, ndiyo maana zimeongezeka kidogo. Ya tatu ni 667 ileile ikiandikwa kwa maili za baharini, kipimo anachokitumia rubani. Ya nne ni maili za kawaida, zile zinazohesabiwa kwenye kadi za wasafiri wa mara kwa mara. Ya tano ni barabara: takriban kilomita 640 kutoka Dar hadi Arusha kupitia Chalinze, Segera na Moshi, 110 hadi Namanga, halafu 165 hivi hadi Nairobi.

Tabu huanza pale mtu anapochukua namba ya kazi moja akaitumia kwenye kazi nyingine. Mmoja anagawanya kilomita 667 kwa mwendo wa ndege, anapata dakika 48, kisha anashangaa tiketi inaposema saa 1 na dakika 20. Mwingine anamsikia rubani akitangaza kwamba safari itachukua dakika 58, anamwandikia mwenyeji wake aje kumpokea kwa hesabu hiyo, na mwenyeji anasimama nje ya mlango wa wanaowasili kwa saa nzima. Wote wawili wana namba sahihi mkononi. Kinachokosekana ni kujua kila namba inaanza kuhesabiwa wapi na inakoma wapi, na njia hii fupi ya Dar na Nairobi ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu sehemu zake zote zinaonekana.

Kupiga hesabu ya umbali mwenyewe

Huhitaji programu yoyote. Kiwanja cha Dar kiko nyuzi 6.88 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.20 mashariki. Cha Nairobi kiko nyuzi 1.32 kusini na 36.93 mashariki. Toa latitudo: 6.88 ondoa 1.32 unapata 5.56. Toa longitudo: 39.20 ondoa 36.93 unapata 2.27.

Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111.2 popote duniani. Kwa hiyo kwenda kaskazini peke yake ni 5.56 mara 111.2, yaani kilomita 618. Longitudo ina sharti lake: nyuzi zake hubanana kadiri unavyoiacha ikweta, hivyo unazidisha pia kwa kosaini ya latitudo ya katikati ya safari. Hapa katikati ni nyuzi 4.1, na kosaini yake ni 0.997, karibu moja kabisa. 2.27 mara 111.2 mara 0.997 ni kilomita 252 kwenda magharibi. Sasa una pembetatu mraba yenye pande za 618 na 252. Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 667.

Njia hii ya pembetatu inafaa kwa safari za Afrika Mashariki kwa sababu tuko karibu na ikweta na miji yetu haijaachana sana. Ukiipeleka Nairobi hadi London itakupotosha, kwa kuwa dunia ni duara na kwenye masafa marefu mstari mfupi kabisa hupinda ukichorwa kwenye ramani bapa. Huko tumia kikokotoo cha umbali wa duara kuu. Kitakupa kama kilomita 6,840.

Kutokana na hesabu hiyohiyo unapata uelekeo. Kaskazini 618, magharibi 252: ndege inaelekea nyuzi 338 za dira, kaskazini na kuegemea magharibi kidogo. Kurudi ni kinyume chake, nyuzi 158. Uelekeo huu utatufaa mbele kidogo.

Mstari unapita juu ya nini

Ukichora mstari huo kwenye ramani, unatoka Dar ukiwa juu ya bahari kati ya Bagamoyo na Unguja, unaingia nchi kavu maeneo ya Saadani, unapita karibu kabisa na Korogwe, unapanda juu ya Usambara si mbali na Lushoto, kisha unavuka nyika ya Mkomazi. Mpaka wa Kenya unavukwa karibu na Ziwa Jipe. Baada ya hapo upande wa kushoto ni Kilimanjaro, upande wa kulia vilima vya Chyulu, na Amboseli iko kushoto kabla ya ndege kuanza kushuka kuelekea tambarare za Kajiado.

Njia halisi ya ndege haifuati mstari huo kwa usahihi wa rula. Ndege hufuata njia za angani zilizopangwa kati ya alama zenye majina, pamoja na taratibu za kuondokea na kuingilia kila kiwanja. Lakini kwenye safari hii tofauti ni ndogo, na mlima haukwepeki. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko umbali wa kama kilomita 30 magharibi ya mstari. Basi ukitoka Dar kaa kushoto, viti vya herufi A. Ukitoka Nairobi kaa kulia. Chagua safari ya asubuhi, kwa sababu kadiri jua linavyopanda mawingu hujikusanya kiunoni mwa mlima, na mchana mara nyingi unaona kilele tu au huoni kitu. Mbali na faida ya macho, mlima ni saa nzuri ya safari: ukitoka Dar, Kibo ikiwa sambamba na dirisha lako, theluthi mbili ya umbali imeisha, na rubani ama ameshaanza kushuka au yuko mbioni kuanza.

Dakika 80, kipande kwa kipande

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoachia maegesho na kusukumwa nyuma. Huisha inapoegeshwa na kusimama kabisa upande wa pili. Ule muda anaoutangaza rubani, dakika 55 hadi 60, huanza magurudumu yanapoachana na ardhi na huisha yanapoigusa tena. Kati ya hizo hesabu mbili kuna takriban dakika 20.

Dakika 10 hadi 15 za kwanza ziko chini. Ndege inasukumwa nyuma na trekta, injini zinawashwa moja baada ya nyingine, orodha ya ukaguzi inasomwa, halafu inatembea taratibu hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Njia kuu ya Dar ina urefu wa mita 4,600 na imelala kutoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki. Ndege huruka kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo ncha ya kuanzia hubadilika. Wakati wa kaskazi huruka kuelekea mjini na baharini, na kutoka hapo kupata uelekeo wa Nairobi ni kukata kushoto tu. Ikilazimika kuruka upande wa pili, kuelekea Pugu, inakuwa imeipa Nairobi kisogo na lazima izunguke. Dakika mbili tatu zinaondokea hapo, na hakuna aliyekosea.

Kisha kupanda. Ndege ya jeti kama Boeing 737-800 huchukua kama dakika 20 kufika futi 36,000 au 38,000, na muda huo wote haijafikia mwendo wake wa juu. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida haizidi kilomita 460 hivi kwa saa, kwa kuwa huko ndiko ndege nyingi zinakopishana na ndiko ndege pori waliko. Kufikia mwisho wa kupanda imeshakula kilomita 220 hivi. Uko juu ya milima ya Usambara, theluthi moja ya safari nzima imekwenda, na bado hujasafiri hata dakika moja kwa mwendo ule wa kwenye matangazo.

Sasa hesabu kutoka upande wa pili. Marubani wana kanuni ya vidole: kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji maili 3 za baharini. Nairobi yenyewe iko juu, mita 1,624 kutoka usawa wa bahari, kama futi 5,330. Kutoka futi 38,000 kuna futi 32,700 za kushuka, yaani maili 98, au kilomita 180. Ongeza mzunguko wa kutua, ambao Jomo Kenyatta una sura yake. Upepo wa huko kwa kawaida hutoka mashariki, kwa hiyo ndege nyingi hutua zikitazama kaskazini mashariki. Ndege inayotoka Dar inakuja kutoka kusini mashariki. Haiwezi kutua moja kwa moja. Inapita kusini mwa kiwanja upande wa Kajiado, inafika maeneo ya Ongata Rongai, ndipo inakata kulia na kurudi juu ya mbuga ya taifa ya Nairobi kuelekea kiwanja. Huo mzunguko ni kilomita 30 au zaidi, na mwendo tayari umepunguzwa. Kushuka na kuzunguka kunachukua dakika 22 hivi, zaidi kama mbele yako kuna foleni.

Jumlisha: kilomita 220 za kupanda, 180 za kushuka. Katika zile 667, kinachobaki katikati ni kama kilomita 270. Kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa hizo ni dakika 19 au 20. Ndiyo maana wahudumu kwenye safari hii hufanya kazi mbiombio: taa ya mikanda ikizimwa wanasukuma kigari mara moja, na hujamaliza juisi wanakuja kukusanya vikombe. Muda wa kusafiri ukiwa sawasawa angani hauzidi muda wa kupanda.

Mwisho kuna dakika 5 hadi 8 za kutembea ardhini kutoka kwenye njia ya kutulia hadi maegesho. Jumla unapata 80, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Mashirika hukata ratiba ikiwa na nafasi ya kupumua ndani yake, kwa sababu duniani kote ndege huhesabiwa imefika kwa wakati ikiwa haijapitisha dakika 15. Kwa hiyo ndege iliyoondoka ikiwa imechelewa dakika 10 inaweza kabisa kufika kwa wakati. Haikuongeza mwendo kwa kiasi cha maana. Imetumia akiba iliyokuwa tayari kwenye ratiba.

Kurudi si sawa na kwenda

Kuna tofauti ndogo ambazo msafiri hazioni kwenye tiketi. Anga limegawanywa kama barabara yenye pande mbili: anayeelekea nusu ya mashariki ya dira hupewa maelfu ya witiri, anayeelekea nusu ya magharibi hupewa shufwa. Kwenda Nairobi, nyuzi 338, unapata futi 36,000 au 38,000. Kurudi Dar, nyuzi 158, unapata 35,000 au 37,000. Ndege mbili zikipishana juu ya Mkomazi, moja iko angalau futi 1,000 juu ya nyingine, na huo ndio utaratibu wa kawaida.

Kushuka Dar pia ni kurefu zaidi. Kutoka futi 37,000 hadi kiwanja kilicho mita 55 tu juu ya bahari ni futi karibu zote 37,000, yaani kama kilomita 205. Basi rubani anayekwenda Dar anaanza kushuka mapema kuliko anayekwenda Nairobi, kwa tofauti ya kilomita 25. Masikio yenye mafua yanalijua hilo vizuri zaidi. Mwenye mafua ameze mate, atafune kitu, na asilale wakati wa kushuka.

Urefu wa Nairobi una athari nyingine. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ili mabawa yabebe uzito uleule ndege inahitaji kwenda kama asilimia 8 kwa kasi zaidi kuliko ingekuwa usawa wa bahari. Inakimbia zaidi kabla ya kuruka na inatua kwa kasi zaidi. Msafiri wa kwanza kutua Nairobi anayehisi kwamba breki zimekamatwa kwa nguvu hajakosea kuhisi. Kwa safari fupi ya Dar, ambayo ndege haibebi mafuta mengi, hilo halina tatizo. Kwa safari ndefu zinazojaza matangi, ndiyo sababu mojawapo ya kupenda kuondoka usiku, hewa ikiwa ya baridi na nzito zaidi.

Tazama aina ya ndege

Hili ndilo watu hulipuuza, na ndilo linalobadilisha muda kuliko upepo na mvua. Kwenye njia hii huonekana jeti, kama Boeing 737, Embraer 190 na Airbus A220, na huonekana pia pangaboi, yaani ndege zenye mapanga yanayozunguka kwenye injini. Dash 8-400, ile ambayo Tanzania wengi wanaiita Bombadia, ina mwendo wa juu wa kilomita 667 kwa saa. Ni umbali wa Dar na Nairobi kamili, kwa hiyo ukiongeza kupanda, kushuka na kutembea ardhini unapata saa 1 na dakika 35 hivi. ATR 72 iko nyuma zaidi, kama kilomita 510 kwa saa, na safari inakaribia saa 1 na dakika 45 au 50.

Pangaboi haina ubaya. Inaruka chini zaidi, karibu futi 20,000 hadi 25,000, na milima inaonekana kwa ukaribu. Lakini huko chini ndiko mawingu ya mvua yaliko, na wakati wa masika mtikisiko wake ni mkubwa kuliko wa jeti iliyo juu ya mawingu. Na jambo la maana zaidi: kama una ndege nyingine ya kuunganisha Nairobi, angalia aina ya ndege siku ya kukata tiketi na uangalie tena siku ya kusafiri. Jeti ikiharibika na kuletwa pangaboi badala yake, dakika 20 hadi 30 zinapotea hata kama mmeondoka kwa wakati. Kuna pia mzigo wa mkononi. Kabati za juu za pangaboi ni ndogo, na begi lile la magurudumu lililoingia bila shida kwenye 737 litachukuliwa mlangoni likawekwe chini. Toa humo dawa, kompyuta na pasipoti kabla hujaliachia.

Upepo? Kwa njia hii hauna makeke. Mikondo mikali ya upepo wa juu, ile inayozifanya safari za kuvuka Atlantiki kutofautiana kwa saa nzima kati ya kwenda na kurudi, haiko kwenye anga letu la ikweta. Isitoshe, pepo za juu huku nyingi hutoka mashariki, na ndege inakwenda kaskazini au kusini, kwa hiyo zinaipiga ubavuni. Dakika mbili tatu, basi.

Kanuni ya kubebea kichwani

Kwa jeti: gawa kilomita za angani kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Dar na Nairobi: 667 kwa 800 ni dakika 50, ukiongeza 30 unapata 80. Nairobi na Mombasa ni kilomita 423: dakika 32 na 30, saa 1 na dakika 2. Dar na Mwanza ni 851: saa 1 na dakika 34. Dar na Entebbe ni 1,074: saa 1 na dakika 51. Dar na Dubai ni kama 3,977: saa 5 na dakika 28. Linganisha na ratiba za mashirika na utaona mara nyingi tofauti haizidi dakika kumi. Kwa pangaboi ya ATR, gawa kwa 500 na uongeze dakika 25.

Ile nusu saa ya kuongeza ndiyo inayofafanua kwa nini safari fupi zinaonekana kuchukua muda mrefu kuliko zinavyostahili. Kutembea ardhini, kupanda na kuzunguka hakupungui eti kwa sababu unakwenda karibu. Ndilo jambo pia linalofanya tiketi ya kilomita 667 isiwe ya bei rahisi kama mtu anavyotarajia: kutua, kuongozwa, kuhudumiwa na kodi za kiwanja hulipwa zima, uwe unakwenda Nairobi au mbali mara tano ya hapo.

Tahadhari moja unapotumia kanuni hii ukiwa na ratiba mkononi: saa za kwenye tiketi ni za mahali husika. Dar na Nairobi, pamoja na Kampala, ziko kwenye saa moja, kwa hiyo unatoa tu. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko nyuma kwa saa moja, na Muscat na Dubai ziko mbele kwa saa moja. Dar na Kigali ni kilomita 1,144, kwa kanuni yetu saa 1 na dakika 56. Ukiondoka Dar 10:00, utafika Kigali saa ya ukutani ikisema 10:56. Ukirudi na kuondoka Kigali 10:00, utafika Dar 12:56. Ndege ni ileile na mwendo ni uleule.

Na tiketi haisemi saa za Kiswahili. 06:40 ni saa 12 na dakika 40 asubuhi, 18:40 ni saa 12 na dakika 40 jioni. Ukimpigia simu anayekupokea, usiseme "saa sita" ukimaanisha 06:00. Taja saa kwa Kiswahili na utaje kipindi cha siku. Kosa baya kabisa ni la usiku wa manane. Ndege ya 00:30 tarehe 15 inakutaka uwe kiwanjani usiku wa tarehe 14. Watu wamefika kiwanjani wakiwa wametulia kabisa, siku nzima baada ya ndege kuondoka.

Kinachovuruga

Ukungu wa asubuhi Nairobi ndio wa kwanza. Ukishuka mzito kiasi kwamba rubani haoni taa za njia kwa kiwango kinachotakiwa, hatui. Anazunguka kwa muda mafuta yanavyomruhusu, kisha anakwenda kiwanja cha akiba, mara nyingi Mombasa, wakati mwingine Kilimanjaro au Eldoret. Mafuta ya kufika huko hubebwa tangu Dar. Ni lazima kwa sheria, pamoja na akiba ya mwisho ya dakika 30 za kuruka. Kwa hiyo kuelekezwa kiwanja kingine ni usumbufu, lakini ni usumbufu uliopangiwa. Upande wa Dar, adui ni mvua kubwa za masika kuanzia Machi hadi Mei, na kiwanja cha akiba kilicho karibu zaidi ni cha Abeid Amani Karume, Unguja.

Cha pili ni kwamba Jomo Kenyatta ina njia moja tu ya kurukia na kutulia. Ndege moja ikipasuka tairi katikati yake, kila kitu kinasimama hadi iondolewe. Migomo nayo ipo: Septemba 2024 wafanyakazi wa kiwanja hicho waligoma, na safari zikakwama kwa masaa.

Cha tatu, na cha kila siku, ni mnyororo wa ndege yenyewe. Ndege inayokupeleka Nairobi jioni huenda tangu alfajiri imeshafanya safari nne. Dakika 15 zilizopotea asubuhi zinabebwa na kuongezeka. Ndiyo sababu kwa mwenye mkutano au mwenye ndege ya kuunganisha, safari ya kwanza ya asubuhi ni salama zaidi kuliko ya jioni, ukiacha siku za ukungu.

Halafu kuna maamuzi ya serikali. Mpaka ulipofungwa 1977, mwaka uleule Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, umbali wa kilomita 667 ulikuwa palepale lakini haukupitika hadi 1983. Mwaka 2020, na tena kwa muda mfupi Januari 2024, vibali vya safari za Kenya Airways kuja Tanzania vilifutwa kisha vikarudishwa. Hayo huna la kuyafanya, ila usikate tiketi mbili tofauti za mashirika mawili zisizounganishwa ukidhani mmoja atakubeba mwingine akishindwa. Hatakubeba.

Mlango hadi mlango

Kutoka Posta hadi kiwanja cha Dar ni kilomita 12 hivi. Tangu daraja la juu la Mfugale lifunguliwe Tazara 2018, ule mkwamo wa makutano umepungua, lakini barabara ya Nyerere jioni bado inaweza kukuchukua saa nzima. Kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya kuondoka, hivyo fika saa 2 kabla. Angalia jengo: safari za nje nyingi ziko jengo la tatu, lililofunguliwa 2019, na haliko mlango mmoja na jengo la pili.

Nairobi, kupita uhamiaji na kuchukua mzigo panga dakika 40. Kutoka hapo hadi katikati ya jiji, barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 imefupisha safari kwa kiasi kikubwa. Kwa barabara ya Mombasa ya chini, saa za kazi, usimpe mtu ahadi. Ukijumlisha yote, safari ya dakika 80 inakuwa saa 5 na nusu hadi 6 na nusu kutoka kitanda hadi hoteli.

Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza, ila pasipoti iwe mkononi. Anayeingia Tanzania kutoka Kenya abebe cheti cha homa ya manjano. Chanjo moja inatosha maisha yote, lakini cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo sindano ya jana haikusaidii. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iache nyumbani: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.

Basi linatumia saa 14 hadi 16. Kwa anayeishi Posta na anayekwenda katikati ya Nairobi, ndege inashinda kwa mbali. Lakini mtu anayeishi Kimara, karibu na stendi kuu ya Mbezi, na anayekwenda Kitengela, mji ambao basi la Namanga linaupitia kabla ya kufika Nairobi, ana hesabu nyingine. Kwake kiwanja cha Dar kiko nyuma ya foleni za jiji zima, na akitua Nairobi itambidi arudi kusini alikotoka. Akipanda basi la alfajiri atafika usiku, amechoka, lakini amelipa sehemu ndogo ya nauli ya ndege na anashuka kituoni kwake. Kama hana haraka na mzigo wake ni mkubwa, apande basi.